Barua ya wazi kwa Bunge na Seneti: ugatuzi msiuue kwa njaa

Waheshimiwa Wabunge, Waheshimiwa Maseneta, na wewe Mheshimiwa Waziri wa Fedha,

Nawaamkua kwa heshima. Mimi ni muuguzi mstaafu wa huku Pwani ya Kenya. Nimetumikia zahanati na vituo vya afya kwa miaka 31: 21 ya kwanza chini ya serikali kuu, na 10 ya mwisho chini ya kaunti. Sina kadi ya chama na hakuna gavana aliyenituma. Naandika juu ya ugatuzi, yaani madaraka na pesa kupelekwa kwenye kaunti, kwa kuwa Katiba yetu haikai miaka mitatu kabla ya mtu kutaka kuifungua, na kila inapotaka kufunguliwa hushindana ninyi na magavana juu ya nani ashike pesa gani. Mama aliyekaa kwenye benchi la zahanati tangu alfajiri, mtoto ana homa mgongoni, hatajwi.

Niruhusuni nianzie mbali kidogo, kwa marehemu baba yangu.

Mwaka 1963 baba alikuwa kijana wa miaka 22 na KADU ilikuwa damuni mwake, kama ilivyokuwa kwa watu wengi wa kwetu, maana kiongozi wa chama hicho alikuwa Ronald Ngala, mwana wa Pwani. Katiba ya uhuru, iliyotoka kwenye mazungumzo ya Lancaster House kule London, ilikuwa ya kibunge. Serikali iliongozwa na Waziri Mkuu, Mzee Jomo Kenyatta. Bunge lilikuwa na vyumba viwili, na Seneti yake ilikuwa na watu 41. Nchi iligawanywa katika mikoa saba pamoja na eneo la Nairobi, kila mkoa ukiwa na baraza lake lenye uwezo wa kutunga sheria. Baraza la Pwani liliongozwa na Ngala, la Bonde la Ufa likaongozwa na Daniel arap Moi. Hayo ndiyo majimbo. KADU walihofia kwamba makabila makubwa yangemeza madogo. KANU, chama cha Kenyatta, walisema majimbo ni mbinu ya kuigawa nchi, na kweli walikuwako walowezi walioyashabikia kwa maslahi yao. Siwezi kusema upande mmoja ulikuwa wa malaika.

Mpango ule haukudumu hata miaka miwili. Nikiwa msichana nilikuwa nikimwuliza baba ni nani aliyeyaua majimbo, nikitarajia anitajie jina la mtu. Alikuwa akinijibu, "Yalikufa njaa." Serikali ya Nairobi haikuyakabidhi mabaraza yale kazi zao kwa ukamilifu, na pesa ikazikalia. Mabaraza yalikutana, yakajadili, yakapiga kura, lakini hayakuwa na la kutekelezea walichokipitisha. Mwananchi akaanza kusema, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwamba hajaona faida ya jimbo. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ikajivunja na wabunge wake wakahamia KANU. Serikali ilikuwa imeahidi kuyapeleka mabadiliko kwa wananchi kwa kura ya maoni iwapo Seneti ingeyakataa. Baada ya siku ile haikuhitajika tena kumwuliza mtu yeyote. Disemba 12 tukawa jamhuri yenye rais mtendaji. Mikoa ikavuliwa madaraka yake moja baada ya jingine, na Seneti yenyewe ikaunganishwa na Bunge, ikatoweka kwa zaidi ya miaka 40.

Waheshimiwa, naogopa kwamba ninyi, baadhi yenu bila hata kukusudia, mnaurudia mwendo ule ule.

Katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, na ikazinduliwa tarehe 27 mwezi huo huo pale Uhuru Park, haikuwarudishia watu majimbo. Ilileta kitu kingine: kaunti 47, ndogo za kutosha kiasi kwamba hakuna iliyoweza kutishia kujitenga, nyingi za kutosha kiasi kwamba hakuna mtu aliyesema hazimfikii. Nakumbuka rasimu ya awali ilikuwa na ngazi ya mikoa na ilikuwa na Waziri Mkuu. Wabunge wa kamati maalumu waliokutana Naivasha Januari 2010 waliviondoa vyote viwili, na Seneti nayo wakaipunguza nguvu. Wengine mlikuwepo. Sikupenda walichoifanyia Seneti, lakini nilipiga kura ya ndiyo, na nilikuwa mmoja wa asilimia 67 waliofanya hivyo. Tulichokubaliana ndicho hicho kilichoandikwa, na kilichoandikwa hakina utata juu ya pesa. Kifungu cha 219 kinasema fungu la kaunti lipelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu na bila kukatwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ikaweka hata siku: si zaidi ya siku ya 15 tangu robo ya mwaka kuanza.

Siku ya 15. Naomba kila mmoja wenu ajiulize ni mara ngapi tangu kaunti zianze kazi 2013 siku hiyo imeheshimiwa.

Wacha niwaeleze jinsi kuchelewa huko kunavyoonekana kutoka dirisha la chumba cha chanjo. Sitaitaja kaunti, kwa sababu lengo langu si kumwaibisha mtu, na kwa sababu wenzangu wa kaunti nyingine wana hadithi hiyo hiyo.

Kabla ya 2013 dawa zilitujia kwa maboksi kutoka Nairobi. Boksi lilikuwa moja kwa kila zahanati, liwe linaenda kwenye baridi ya milimani au kwenye mbu wa pwani. Tulipata rundo la vidonge tusivyovihitaji vikaisha muda wake kabatini, na dawa za malaria zikatuishia wiki ya pili ya mvua. Ulikuwa ukiandika barua wilayani, wilaya inaandika mkoani, mkoa unaandika wizarani. Nilihudumu mahali pamoja ambapo tuliomba choo cha wagonjwa kwa miaka sita. Siku hizi kuna watu wanaikumbuka serikali ile kwa hamu. Mimi nilikuwepo, na sina hamu nayo.

Baada ya kaunti kuanza, mambo mengi yalibadilika upesi, na mengine sikutarajia kuyaona kabla ya kustaafu. Tuliagiza dawa kwa kadiri ya maradhi yetu. Tulijengewa chumba cha kujifungulia chenye maji ya bomba. Ambulensi, ambayo zamani ilikuwa kitu cha kusikia, ikawa na namba tuliyoweza kuipiga usiku. Mwakilishi wadi wetu alikuwa mtu tuliyekutana naye sokoni, na mama mmoja alimshika shati mbele ya watu akimwuliza kuhusu taa za zahanati. Zile taa ziliwekwa mwezi huo. Nani angemshika shati katibu wa wizara?

Kisha pesa zikaanza kuchelewa. Mwezi mmoja, miwili, wakati mwingine zaidi ya mitatu. Msambazaji wa dawa, kwa kuwa hajalipwa deni la zamani, akasimamisha oda. Nikaanza kumwandikia mama mjamzito karatasi akanunue glovu, pamba na sindano dukani. Mishahara ikawa inaingia tarehe zisizojulikana, na wauguzi vijana wenye mikopo ya benki wakawa wanaomba ruhusa ya kwenda kusaka vibarua. Kuna wiki moja siisahau. Tokeni za stima zilituishia, na ndani ya friji kulikuwa na chanjo za watoto za mwezi mzima. Tulichanga, mimi na mwenzangu na mlinzi, tukanunua za siku mbili. Siku ya tatu tulizipakia chanjo kwenye kisanduku cha barafu, tukazifunga nyuma ya bodaboda zikapelekwa kituo cha jirani, kilomita 14. Akina mama waliokuja kliniki siku ile tuliwarudisha. Baadhi walikuwa wametembea saa mbili, na si wote waliorudi tena.

Siku hiyo hiyo redioni kulikuwa na mjadala: je, ugatuzi umefaulu au umefeli?

Hapo ndipo nilipokumbuka jibu la baba. Ukitaka watu wakichoke kitu walichokipigania, huna haja ya kukipinga hadharani. Kicheleweshee riziki, halafu waulize watu kama wamekiona cha maana.

Mtaniambia mgao umeongezeka kila mara. Ni kweli umeongezeka. Mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti zilitengewa shilingi bilioni 190. Zilifika bilioni 370 mwaka 2021/22, na hata hapo ilikuwa baada ya kukaa kwenye bilioni 316.5 kwa miaka miwili, na baada ya Seneti kukwama mwaka 2020, kikao baada ya kikao, mpaka maseneta watatu wakakamatwa na polisi katikati ya mjadala wa mfumo wa kugawa pesa. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya vijana kujaa barabarani, bilioni 400.1 zilizokuwa zimeshawekwa kwenye sheria zilirudishwa hadi 387.4. Mwaka 2025/26 fungu likawa bilioni 415.

Tazameni hiyo 415. Katiba inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Hesabu zilizotumika kwa mwaka huo zilikuwa za 2020/21, wakati mapato yalikuwa takriban trilioni 1.57. Kwa hiyo kwenye karatasi kaunti zimepewa zaidi ya asilimia 26, na mnasimama kwenye mikutano mkijisifu kwa ukarimu. Lakini mapato ya kawaida ambayo serikali yenyewe ilitarajia kuyakusanya mwaka huo yalikuwa zaidi ya trilioni 2.7. Pigeni hesabu upya kwa namba hiyo, mtaona kwamba fungu linakaa palepale kwenye asilimia 15, ile ambayo Katiba iliiweka iwe sakafu. Na anayechelewesha kuidhinisha hesabu ni nani? Si magavana, wala si Mkaguzi Mkuu. Ni nyumba yenu, Waheshimiwa wa Bunge la Kitaifa. Kila mwaka mnaoacha hesabu zikae kwenye kamati, mnaifanya asilimia ionekane kubwa kuliko ilivyo.

Sisemi haya kuwatetea magavana. Kaunti zinadaiwa zaidi ya bilioni 150 na wafanyabiashara, wengi wao watu wadogo waliouza mbao, chakula cha hospitali au mafuta ya magari, na si madeni yote hayo yalisababishwa na Hazina ya Kitaifa. Kanuni inasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Nyingi zimeipita zamani, kwa sababu kila gavana mpya huja na watu wake na wa zamani hawaondoki. Nimeona wadi mbili jirani, moja ina zahanati tatu na nyingine haina hata moja, na kila mtu kijijini anajua sababu. Gavana anayekataa kufika mbele ya kamati ya Seneti kujibu hoja za ukaguzi anastahili kuletwa kwa nguvu ya sheria, na Maseneta, hiyo ni kazi yenu, ifanyeni bila kumwuliza mtu ni wa chama gani. Lakini mtoto akiiba sukari hanyimwi chakula nyumba nzima. Kifungu cha 225 kimewapa njia ya kusimamisha pesa za kaunti inayokosea sana, kwa utaratibu, mbele ya Bunge, na kwa muda maalumu. Itumieni njia hiyo kwa kaunti iliyokosea. Kuzichelewesha zote 47 kwa pamoja hakumwadhibu mwizi hata mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Mwaka 2025 Bunge la Kitaifa lilipitisha mswada wa kubadilisha Katiba, kwa zaidi ya thuluthi mbili ya wabunge, ili mifuko mitatu iandikwe ndani ya Katiba yenyewe: ule wa miradi ya maeneo bunge tunaouita CDF, ule wa wawakilishi wa kike, na ule wa maseneta wa kusimamia kaunti. Kwa miaka 15 mmekuwa mkigawanyika kwa kila kitu, vyama, dini, makabila. Siku hiyo mlikuwa kitu kimoja. Ningefurahi sana kuuona umoja huo siku moja tu kwa ajili ya ile siku ya 15.

CDF imesaidia watu, na siwezi kuikana. Ilianza 2003 wakati mashinani hakukuwa na serikali nyingine ya kukimbilia. Mpwa wangu alisoma sekondari kwa basari yake. Madarasa ya shule ya msingi ya kijijini kwetu yana maandishi yake ukutani. Lakini wakati huo hakukuwa na kaunti. Leo mbunge anajenga, gavana anajenga, na mara nyingine wanajenga karibu karibu, huyu amweke yule kivulini, halafu jengo moja linakosa wafanyakazi kwa kuwa kuajiri si kazi ya aliyelijenga. Mahakama ya Juu ilieleza jambo hili wazi Agosti 2022 ilipobatilisha sheria ya CDF ya 2013: ilivunja mgawanyo wa majukumu kati ya serikali kuu na kaunti, na ikamfanya mtunga sheria awe mtekelezaji wa miradi. Mahakama Kuu ikasema mambo yanayofanana na hayo mwaka 2024 kuhusu sheria ya 2015. Jibu lenu likawa kwamba kama mfuko haukubaliani na Katiba, basi Katiba ndiyo ibadilishwe ikubaliane na mfuko.

Waheshimiwa, ni nani atakayemkagua mbunge mwenye mfuko wake ndani ya Katiba? Kazi tuliyowapa ni kuuliza pesa zimekwenda wapi. Refa hawezi kupiga penalti halafu akapuliza kipenga kuwa ni bao. Na ninyi Maseneta nawaonea huruma zaidi, kwa sababu mfuko wenu umewekwa mle ndani ili mkiukubali wa wenzenu, na wa kwenu upite. Nyumba yenu ilirudishwa mwaka 2010 kwa kazi moja kubwa, kuzilinda kaunti. Ile ya 1963 ilipolegea, hatukuiona tena kwa vizazi viwili.

Nimesikia pia hoja kwamba mabadiliko haya hayahitaji kura ya maoni. Kifungu cha 255 kinasema chochote kinachogusa malengo, misingi na muundo wa ugatuzi, au kazi za Bunge, lazima kiamuliwe na wananchi. Mawakili watabishana, ndiyo kazi yao. Mimi nawaambieni kama mpiga kura: mkiweka mbunge awe mjenzi wa miradi mashinani, mmegusa ugatuzi, na mmegusa kazi za Bunge. Tuulizeni. Mlipoona BBI, ule mpango wa awali wa kubadilisha Katiba, ukisimamishwa na Mahakama Kuu Mei 2021, ukashindwa tena kwenye rufaa Agosti, na Mahakama ya Juu ikaufunga Machi 2022, fundisho lake lilikuwa kwamba njia ya kubadilisha Katiba ina hatua, na hatua ya mwananchi haimalizwi na walioko juu kwa niaba yake. Na inasikitisha, kwa kuwa ndani ya BBI kulikuwa na pendekezo nililolipenda kwa moyo wote, la kupeleka asilimia 35 kwenye kaunti. Nililipenda, na bado naona ilikuwa haki mpango ule kusimamishwa.

Ninachowaomba ni kitu kidogo kuliko kubadilisha Katiba, ingawa najua kitawauma zaidi. Tungeni sheria fungu la kaunti lisingoje kuombwa. Kila mapato yanapoingia kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali, sehemu ya kaunti itengwe siku hiyo hiyo kwa kiwango kilichokubaliwa, kama vile ya wizara zenu inavyopatikana. Mwezi mkavu uwe mkavu kwetu sote, Nairobi na mashinani, na mwezi wa neema uwe wetu sote. Mheshimiwa Waziri, ikiwa kweli pesa hazipo, kama tunavyoambiwa kila robo ya mwaka, basi safari za nje na semina za hotelini zisimame mpaka mishahara ya wauguzi ipite. Nanyi wa Bunge la Kitaifa, idhinisheni hesabu zilizokaguliwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kuzipokea, ili asilimia 15 iwe asilimia 15 ya kitu kilicho hai. Mswada wa mifuko uwekeni kando. Na kama mnaamini kwamba ni mzuri, uleteni kwetu kwa kura ya maoni, mje vijijini kuutetea, na mkubali jibu.

Kuna zahanati moja ninayopita kila Jumanne nikienda kliniki yangu ya presha, kwa sababu sasa zamu ya kukaa kwenye benchi ni yangu. Juma lililopita muuguzi wa pale, msichana niliyemfundisha mimi kazi, alinionyesha mita ya stima. Ilikuwa imebaki yuniti nne. Friji ilikuwa inanguruma nyuma yake, imejaa chanjo. Aliniuliza kama najua pesa za robo hii zitaingia lini. Nilimwambia nitawauliza wanaojua.

Basi nawauliza. Zitaingia lini?

Wenu katika kulitumikia taifa,
Muuguzi mstaafu, Pwani ya Kenya